Mkia wa vibrato kwa gitaa moja la solo: uchambuzi wa kisa

Gitaa lenyewe ni nakala ya umbo la Les Paul, gitaa la Gibson, kutoka kiwanda kimoja cha Asia: mwili mzito, uso uliobinuka, pikapu mbili, daraja la aina ya Tune-o-matic ambalo nyuzi zinalala juu yake, na nyuma yake mkia usiosogea unaoshika ncha za nyuzi, uliokaa juu ya boliti mbili nene. Mwenyewe ni mpiga solo wa makamo. Wikendi anapiga benga na zilizopendwa kwenye ukumbi mmoja wa Eastlands, Nairobi, Jumapili asubuhi anapiga kanisani, na kote huko anatumia gitaa hilo hilo. Alilileta karakana kwangu, nyuma ya Jogoo Road, akiwa ameshaamua: "Fundi, nifungie Bigsby." Bigsby ni mkia wa vibrato: una mkono wa chuma ambao ukiukandamiza nyuzi zinalegea, ukiuachia zinarudi, na sauti inatetemeka.

Sikumfungia Bigsby. Na kazi iliyokula muda mwingi zaidi haikuwa kwenye mkia hata kidogo.

Anataka nini hasa

Kabla ya kutaja kifaa chochote nilitaka kujua mkono huo utafanya kazi gani. Benga halimpi mpiga solo nafasi ya kutikisa mkono. Noti zinadonolewa kwa kasi, gitaa linajibizana na mwimbaji, mkono wa kulia haupati pumzi. Basi haikuwa kwa ajili ya benga. Ikawa bendi yake imeanza kurudia twisti za miaka ya 1960, mtindo uliovuma Nairobi enzi za kina Daudi Kabaka na John Nzenze, na kanisani pia huwa anashikilia kodi ndefu (noti kadhaa zinazolia pamoja) wakati wa maombi. "Sitaki makelele ya roki, kijana wangu," akasema. "Nataka kodi ilie kidogo mwishoni, basi."

Jibu hilo lilifuta nusu ya vifaa vilivyopo sokoni. Mtu anayetaka kodi itetemeke anashuka na kupanda chini ya nusu toni. Hahitaji mfumo unaolegeza nyuzi mpaka zining'inie.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea mtikiso mdogo, na wapigaji wengi huisikia bila kujua inatoka wapi. Mkono unapolegeza nyuzi zote kwa umbali mmoja, nyuzi hazishuki sauti kwa kiasi kimoja. Katika seti ya nyuzi za 10 hadi 46, yaani unene wake kwa elfu za inchi, uzi wa tatu usiosokotwa una kipenyo cha inchi 0.017, na uzi wa kwanza 0.010. Nguvu inayouvuta huu na ule inakaribiana sana, lakini ule mnene una chuma kingi zaidi cha kunyoosha. Kwa hiyo ukilegeza kidogo tu, uzi wa tatu unashuka zaidi ya mara mbili ya uzi wa kwanza. Mtikiso ukiwa mdogo, sikio linaipokea tofauti hiyo kama mawimbi. Ukiukandamiza mkono mpaka toni nzima, kodi inasambaratika, kila uzi na njia yake. Bigsby ina tabia hii, Stratocaster ina tabia hii, na mikia mingi ya kufunga juu ya mwili ina tabia hii. TransTrem ya Steinberger ilibuniwa mahususi kutibu tatizo hilo, lakini ni ya magitaa yaliyojengwa kwa ajili yake, haikumhusu mzee wetu.

Vilivyoondoka mapema

Mfumo wa Fender Stratocaster wa 1954 unataka shimo linalopita mwili mzima, kwa sababu bloku la chuma linaning'inia ndani na springi zake ziko mgongoni. Kwenye gitaa la uso uliobinuka, kuchimba shimo hilo ni kulivunja gitaa ili lifanane na jingine. Nimeona magitaa yaliyochimbwa hivyo kwa patasi na nyundo, na sitaki jina langu litajwe karibu nayo.

Floyd Rose, mfumo mwingine wa vibrato, inabana nyuzi kwenye nati (kipande chenye mifereji ambacho nyuzi zinapita kabla ya kichwa) na darajani, ndiyo maana inaweza kulegezwa kupita kiasi na bado ikarudi. Ipo aina iitwayo FRX inayokaa juu ya boliti za mkia wa zamani bila kuchimba mwili. Lakini uzi ukikatika katikati ya onyesho unatafuta funguo za pembe sita gizani, na mzee hapigi muziki unaohitaji haya yote. Kahler, mkia wa kampuni nyingine, nayo inataka kuchimbiwa nafasi mwilini kwenye magitaa mengi. Hapo tukapita.

Nakala za bei ya chini zisizo na jina, zile zinazofanana na Bigsby kwa mbali, zilistahili kuangaliwa kwa sababu ya mfuko wa mteja. Nyuzi sita za 10 hadi 46 kwenye skeli (urefu wa uzi unaolia) ya milimita 628 zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 44, na nguvu yote hiyo inakaa juu ya mhimili mmoja mwembamba unaotakiwa kuzunguka kidogo na kurudi palepale. Shika mkono wa kifaa ukiwa bado dukani, uusukume upande kwa upande. Mhimili ukicheza ndani ya tundu lake hata kidogo, hautarudi palepale. Nilichoshika kilicheza.

Bigsby kwa haki yake

Bigsby ni kifaa kizuri kwa macho, sikatai, na nusu ya wanaoitaka wanaitaka kwa sababu hiyo. Paul Bigsby alikuwa fundi wa California, na chanzo cha mkia wake ni gitaa la Merle Travis, ambalo kifaa chake cha awali kilikuwa kinatoka kwenye sauti kila kinapotumika. Muundo aliouleta haujabadilika sana: mhimili wa mviringo, springi moja fupi wima chini ya mkono, na msingi wa alumini. Kwa mtikiso mdogo ni vigumu kuushinda, kwa sababu springi ni nene na mkono ni mrefu, hivyo kiganja kinapata nafasi kubwa ya kupima.

Kwa gitaa la uso uliobinuka kama hili, aina inayofaa ni B7. Inafungwa kwa bawaba kwenye kitako cha gitaa, pale kwenye kishikio cha mkanda, na skrubu mbili zaidi zinaingia usoni. Asiyetaka kutoboa ana bati la Vibramate linalokaa kwenye matundu ya mkia wa zamani. Kwa hiyo hoja ya kutoboa si hoja tena, ingawa bati nalo lina bei yake juu ya bei ya mkia.

Kilichonifanya nisite ni vitu viwili. B7 ina fimbo ya pili mbele ya mhimili, ambayo nyuzi zinapita chini yake kabla ya kupanda darajani. Inasaidia kukandamiza nyuzi zisiruke kwenye vitandiko (vipande vya daraja vinavyobeba kila uzi), lakini inazikunja kwa pembe kali, na kila mkunjo ni mahali ambapo uzi unasuguana na chuma unapokwenda na kurudi. Kamba ya ndoo inayopita juu ya ukingo wa kisima haiwezi kuteleza sawa na ile inayopita juu ya gurudumu. Fimbo hiyo huzunguka, lakini vitandiko vya Tune-o-matic havizunguki.

Kitu cha pili ndicho kilichopima zaidi. Kwenye Bigsby ya kawaida, kila uzi una duara dogo mwishoni linalovishwa kwenye pini ndogo ya mhimili, kisha uzi unazungushwa chini na kutokea mbele. Usipoukunja uzi vizuri kabla, duara linachomoka kwenye pini pindi unapoachia kidole kwenda kukaza kichwani. Nyumbani si shida. Jukwaani, mpiga solo mwenye gitaa moja, mwimbaji anamwangalia na mpiga besi anarudia duara lile lile kwa mara ya ishirini, ni shida kubwa.

Hapo nikamwambia mzee kitu ambacho wauzaji hawasemi: mkia wowote wa springi, uzi mmoja ukikatika, nyuzi nyingine tano zinapanda juu ya sauti zake. Springi ilikuwa inapambana na nyuzi sita; sasa inapambana na tano, inausukuma mkono juu. Mkia usiosogea hauna balaa hilo. Unaweza kumaliza wimbo na nyuzi tano. Kwa mtu asiye na gitaa la akiba, kutofunga chochote lilikuwa chaguo halali, na nililiweka mezani pamoja na mengine.

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo lilibadilisha mwelekeo wa kazi nzima: "Kwani nyuzi zangu hukatikia wapi?"

Nilikagua nyuzi za zamani alizokuwa amezitupa ndani ya begi. Zote zilikatika darajani, juu ya kitandiko. Chini ya kioo cha kukuzia, ufa wa kitandiko cha uzi wa kwanza ulikuwa na ukingo mkali kama uliotoka kwenye msumeno bila kusuguliwa. Uzi haukuwa ukikatika kwa sababu ya mkono wa mzee. Ulikuwa unakatwa.

Njia ya uzi

Kuanzia hapo niliacha kuangalia mkia na kuanza kuufuata uzi, kutoka kikazio cha kichwani mpaka mwisho wake. Huu ndio msimamo wangu katika kazi za aina hii: mkia wa vibrato hautoi gitaa kwenye sauti. Unachofanya ni kuusogeza uzi, na pale uzi unapokwama ndipo sauti inapopotea. Gitaa lenye mkia usiosogea linaweza kuficha kukwama huko kwa miaka.

Jaribio la kwanza halihitaji mkia mpya wowote. Tyuni uzi, kisha uukandamize kwa kidole kule kichwani, kati ya nati na kikazio, uachie, upige tena huku ukiangalia tyuna. Ukipanda juu ya sauti yake, kuna kipande cha uzi kilichovutwa kikashindwa kurudi. Kisha vuta uzi kwa kidole kwenye kifungo (fret) cha 12, toni nzima, uachie. Ukishuka, ni kukwama kule kule kwa upande wa pili. Mtu mwenye mkono wa vibrato ataona hali ya kwanza kila anapouteremsha: uzi unarudi juu kidogo, anaulegeza kichwani, kisha anavuta noti moja na ghafla uzi uko chini. Anaulaumu mkia.

Kwenye gitaa hili uzi wa tatu ulikwama vibaya na wa nne ulikwama kidogo. Nilitarajia hivyo. Kichwa chenye vikazio vitatu kila upande kinazipanua nyuzi za katikati kuelekea kando baada tu ya nati, na kimeinama nyuma pia, kwa hiyo uzi wa tatu na wa nne zinakunjwa mara mbili mahali pamoja. Nati ya kiwandani ilikuwa plastiki laini, na mifereji yake ilikuwa myembamba kuliko nyuzi anazotumia. Uzi wa tatu ulikuwa umebanwa.

Nikachonga nati mpya ya mfupa. Mfupa wa paja la ng'ombe naununua soko la Burma, hapa Nairobi, kwa wauza nyama, nauchemsha, nautoa mafuta na kuuacha ukauke vizuri kabla ya kuugusa kwa msumeno. Kuna wanaopenda nati za kutengenezwa zenye grafiti ndani, na kwa mkia wa vibrato hawana kosa. Mimi napenda mfupa kwa sababu naweza kuuchonga kwa subira na kuusugua mpaka ung'ae. Mfereji wa kila uzi niliupanua zaidi ya uzi kwa kiasi kidogo sana, chini yake ukawa duara, na upande wa kichwani nikauelekeza kufuata pembe ya kikazio chake ili uzi usikutane na kona. Kisha nikasugua risasi ya penseli laini ndani ya mifereji. Ni dawa ya bei rahisi kuliko zote kwenye karakana.

Darajani nilisawazisha nyufa za vitandiko vyote sita na kuzing'arisha. Mzee alikuwa ameshauriwa na rafiki aweke daraja la rola. Rola nzuri zinasaidia, lakini zile za bei ya chini hucheza na kunguruma, na ukishaondoa kona kali kwenye vitandiko vya kawaida, faida iliyobaki kwa mtu wa mtikiso mdogo ni ndogo mno.

Tatizo la daraja lilikuwa jingine: nguzo zake mbili zilikuwa zinalegea kwenye matundu, kwa hiyo daraja zima liliinama mbele na nyuma. Gitaa la Fender Jazzmaster la 1958 lilitumia kuinama huko kwa makusudi, daraja linasafiri pamoja na nyuzi na kurudi. Tune-o-matic haikujengwa kwa mpango huo. Inainama na kubaki imeinama. Nilizungushia nguzo ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, inayouzwa kila duka la hadwea, tabaka chache, mpaka daraja likaingia kwa kusukumwa.

Mkia uliochaguliwa

Sasa swali la mkia likawa jepesi. Tulitaka kifaa kinachotumia boliti zilizopo, kisichoongeza mkunjo wa ziada kwenye uzi, na kinachoruhusu uzi kubadilishwa haraka. Les Trem ya Duesenberg, kampuni ya Ujerumani, inakaa pale pale ulipokuwa mkia wa zamani. Haina fimbo ya pili ya kukandamiza nyuzi, na uzi unapitishwa kwenye tundu la mhimili badala ya kuvishwa kwenye pini. Ni fupi, haifuniki uso wa gitaa kama Bigsby. Mzee hakufurahia hilo la mwisho. Alitaka watu waone kwamba kuna kitu kipya.

Kabla ya kuagiza nilipima. Umbali kutoka katikati ya boliti moja hadi nyingine ulikuwa karibu milimita 82, kama inavyotarajiwa kwa umbo hili, lakini meno ya boliti ni jambo la kuangalia pia: nakala nyingi za Asia zina boliti za milimita, ilhali Gibson za Marekani zinatumia meno ya inchi, na boliti ya inchi ukiilazimisha kwenye kitako cha milimita (tundu la chuma lenye meno ndani ya mwili) unaharibu vyote viwili. Kwa kifaa kinachotoka ng'ambo, kinachongoja ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla hakijafika mezani, hupimi baada ya kulipa.

Kufunga kwenyewe kulikuwa kazi ya mchana mmoja. Mkia wa zamani ukatoka, mpya ukaingia, nikarekebisha kimo ili nyuzi zishuke kutoka darajani bila kugusa ukingo wake wa nyuma. Kwenye vikazio nilipunguza mizunguko ya uzi ikawa miwili mitatu tu, kwa sababu mizunguko mingi inajikaza na kulegea kila mkono unaposogea. Hakuna tundu jipya lililotobolewa popote, na mkia wa zamani uko ndani ya begi lake. Siku atakapochoka, bisibisi inatosha.

Ilivyokuwa baadaye

Mtikiso mdogo unarudi kwenye sauti kiasi kwamba sikio halisikii tofauti. Tyuna inaisikia, lakini tyuna hailipi kiingilio. Akiukandamiza mkono kwa nguvu, uzi wa nne bado unarudi ukiwa juu kidogo. Nilimwonyesha dawa yake: vuta uzi huo kwa kidole mara moja kati ya kodi na kodi, unakaa. Aliijua kabla sijamaliza kueleza. Wapigaji wa zamani wana hila nyingi za mikono ambazo hawajawahi kuzipa jina.

Uzi wa kwanza haujakatika darajani tangu vitandiko visuguliwe. Hilo halikutokana na mkia, na lingepatikana hata kama angeamua kubaki na ule usiosogea. Sauti ya gitaa imebadilika kidogo, noti inaanza laini zaidi na inadumu pungufu kwa kiasi ambacho kwenye benga anakipenda na kwenye nyimbo za kanisani analalamikia. Mkono wenyewe ulikuwa unamzuia alipokuwa anakaza kiganja juu ya daraja kuzima nyuzi, kwa hiyo siku hizi anauzungusha nyuma wakati wa benga na kuurudisha mbele kwa twisti.

Kwenye hesabu, kazi ya nati na daraja ilikuwa karibu sawa na kazi zote nyingine nilizofanya kwenye gitaa hilo, bei ya mkia ikiwa kando. Aliuliza mara moja kwa nini, nikamwonyesha nati ya plastiki iliyotoka, na uzi wa tatu bado ukiwa umebanwa ndani yake. Akalipa.

Sasa anafikiria kuhamia nyuzi za 11, kwa sababu mpiga ridhimu wao anatumia hizo. Nimemwambia nyuzi nene zitauvuta mkono ukae chini zaidi ya ulivyo sasa, na mifereji ya nati itabidi ipanuliwe tena. Ikishapanuliwa, nyuzi za 10 zitacheza ndani yake. Achague moja, halafu alete gitaa.